Gurudumu Nililolifunga kwa Nailoni

Biryogo, Jumatano

Kwako mjukuu wangu Yasmina,

Salamu nyingi. Natumaini umeamka mzima huko Masaka na kile kikohozi kimekuacha. Mimi ni mzima, magoti tu yananuna na mvua hii. Naandika kwa sababu simu yangu huipokei. Ulidhani bibi hajui kalamu? Madarasa manne yanatosha kukugombeza.

Nina hasira, na naanza na wewe. Gurudumu la cherehani yangu lilipopasuka, uliniletea ile gundi mnayotengeneza kazini kwenu, ya tyubu moja, isiyochanganywa na kitu. Ukasema dawa ya kuikaza imelala humo humo ndani, na unyevu wa hewa ukiigusa inaamka. Nilikucheka. Miaka arobaini nabandika vyangu mwenyewe, na siku zote gundi nailinda na maji. Siku tatu zikapita, gundi yenu bado uji. Nikapanda pikipiki Alhamisi mpaka kazini kwako, nikakuita tapeli mbele ya bosi wako Évode na wenzako wote. Gurudumu nikalibwaga mezani, limefungwa nailoni vile vile.

Évode akakuuliza kama ulimweleza huyu mama namna ya kuitumia. Ukainama, ukasema ulisahau. Akakusimamisha kazi mpaka Ijumaa hii, aamue kama unarudi au ndiyo basi. Nani alikufundisha kuinama hivyo? Si mimi. Na yule Évode, meza nzima ya wasomi, hakuna aliyeuliza kwa nini kitu kimefungwa kama maiti.

Nilirudi nyumbani nikaivua ile nailoni kwa hasira, nikaliacha gurudumu dirishani. Ikanyesha siku mbili. Jirani yangu Raihana akaja kuazima sindano, akaligonga kwa mkasi, akasema hili sasa ni jiwe. Nikalisukuma chini ya kitanda, likakaa huko mpaka leo.

Sasa nisikilize, maana sitaandika mara mbili. Hukusahau. Uliniambia mlangoni, ukaniambia tena kwenye simu, nisilifunike, niweke kitambaa kibichi karibu. Nikakuitikia ndiyo. Kisha nikalifunga nailoni na kulizika ndani ya debe la mchele, kama simu iliyoanguka majini. Pale mezani nilijua unadanganya kunisitiri. Nikanyamaza. Nilikuwa nimepiga kelele nyingi mno, nikaona aibu kurudi nyuma.

Kesho asubuhi nakuja na cherehani kazini kwako, nawe uwepo. Nitashona mbele ya Évode, na nitasema nilichofanya mbele ya wale wale walionisikia. Wewe usimame wima. Ukiinama tena tutagombana upya.

Koti lako jeupe la kazini uliloacha hapa anakuletea Raihana jioni hii pamoja na barua hii. Mfuko uliochanika nimeushona leo, kwa gurudumu hilo hilo. Livae.

Wasalimie wote mnaokaa nao, na unywe tangawizi.

Ni mimi bibi yako, mwenye kosa,
Aidah