Macho ya Bibi wa Ukurasa wa Mwisho

Jumatatu, 1 Julai
Ukungu tangu alfajiri. Rangi hazikauki. Nimetundika michoro jikoni kwa mama, juu ya moto, kama kawaida. Mhariri wa Dar kapiga tena: ukurasa wa mwisho lazima bibi afe, eti watoto wajifunze msiba. Haya. Nimemchora kalala, macho kafumba, shuka hadi kidevuni. Sura ya mama. Mabibi wote wa vitabu vyangu wana sura ya mama, sijui kuchora bibi mwingine.

Jumatano, 3 Julai
Mjinga mimi. Niliusahau mchoro palepale jikoni. Mama kaingia kupika uji, kauona. Hakupiga kelele. "Mwanangu, umeshanizika?" Akaenda kulala bila kula.
Huku kwetu mtu hachorwi maiti angali hai. Ni kumwitia kifo. Nilijua. Niliwaza kazi tu.

Ijumaa, 5 Julai
Mama kifua kimembana. Daktari kasema nimonia, katoa dawa. Mama hamezi. Anasema za nini tena. Dada Eliwaza kafika kutoka Bungu, kanisikiliza mpaka mwisho, kisha: "Wewe na rangi zako mmemmaliza." Kanifukuza jikoni. Hataki kuona karatasi juu ya moto wake.
Siamini mambo hayo. Lakini naogopa, naogopa kweli.

Jumapili, 7 Julai
Mama kaniita. "Nifumbue macho kwenye karatasi yako. Nikiyaona, nitameza."
Nikalowesha brashi, nikasugua kope. Karatasi ikatoboka. Nimeichoma. Nimeanza upya: mama kaketi, anachambua maharage, ananitazama. Ila macho ni ya mwisho, uso ukishakauka. Ukiwahi, rangi inasambaa, anakuwa kituko.

Jumatatu, 8 Julai
Uso wa mchoro bado mbichi. Ukungu umeganda mlangoni. Napepea kwa kanga mpaka mkono unauma. Nimemsihi ameze kwanza. Kageukia ukutani.

Jumanne, 9 Julai
Mama amefariki asubuhi. Mimi nilikuwa napepea karatasi.

Alhamisi, 18 Julai
Jua leo. Wafiwa wa mbali wameshaondoka. Mhariri anapiga, sipokei.
Mama hakuwahi kupigwa picha. Eliwaza kaja mwenyewe, kauliza kama ule mchoro bado ninao. Nikautoa. Uso umekauka vizuri. Akavuta kigoda, akakaa karibu. Nikachora macho. Yako wazi.
Akauchukua kwa mikono miwili, akautundika jikoni, juu ya moto, ukauke.