Kura ya Mama

Ghorofani, juu ya Duka la Vioo,
Mtaa wa Kiwandani.
Jumapili, baada ya chakula cha mchana

Mpendwa kitindamimba wetu,

Salamu nyingi zikukute ukiwa mzima, wewe na wifi yangu, na huyo mwanao Kibogoyo ambaye nasikia ameng'oka jino jingine. Fundi wa meno kuzaa kibogoyo, hayo nayo ni maajabu. Mgongo wako unaendeleaje? Baridi ya huko imepungua? Sisi hatujambo, kwa maana kwamba tunakula, tunalala na hakuna aliyelazwa. Mguu wa Mama unavimba jioni na kunywea asubuhi, kama ujuavyo. Shemeji yako anakohoa na anakataa kwamba anakohoa.

Nimeona nikuandikie badala ya kupiga simu kwa sababu simu ya nyumba hii haina siri. Ikilia tu, Mama anaiweka sauti kubwa na kuketi katikati yetu kama hakimu. Haya ya leo hapaswi kuyasikia. Ukimaliza kusoma, nakusihi usimpigie.

Habari ya kura umeshaipata. Tumetoka kwenye Umoja. Nchi yenyewe ndogo hivi, mtu akianika shuka dirishani maji yanadondokea kwa jirani, na sasa tumewaambia majirani wote wanaotuzunguka kwamba hatuwahitaji. Kampeni zilikuwa vita vya methali. Waliotaka tutoke walipita na vipaza sauti wakitukumbusha kwamba mtegemea cha nduguye hufa maskini. Waliotaka tubaki wakajibu kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Shemeji yako akasema tukitoka, chawa ndio watakaotuvunja sisi. Mwishowe waliotaka kutoka wameshinda kwa kura chache mno. Ukiwakusanya wenye hizo kura zilizozidi, ukumbi wa harusi unawatosha.

Kiwandani mambo yameharibika mapema kuliko tulivyodhani. Unaijua kazi yetu: sisi tunakata na kushona ngozi ya juu ya kiatu, soli zinaletwa na lori kutoka huko kwenu, na ngozi yenyewe inatoka nchi ya tatu. Ndivyo Umoja ulivyogawa kazi. Nchi hii nzima hakuna kiwanda kinachotengeneza soli, hatukuwahi kuwa na haja nacho. Tangu matokeo yatangazwe, lori la soli limesimama ng'ambo ya daraja la mpakani, kwa kuwa hakuna anayejua ni nani sasa mwenye mamlaka ya kuliruhusu lipite. Sisi tunaendelea kushona tu. Viatu visivyo na soli vimejaa ghalani, vimejaa kwenye korido, vimefika mpaka chumba cha kubadilishia nguo. Msimamizi wetu, tunayemwita Bwana Kesho, kila asubuhi anatutangazia kwamba soli zinafika kesho. Mama mmoja anayeshona jirani na mimi alivaa kimoja, akatembea nacho kati ya mashine, akasema hiki ndicho kiatu cha uhuru, mtu anaikanyaga nchi yake bila kizuizi. Tulicheka mpaka tukashika mbavu. Kisha kila mtu akarudi kwenye cherehani yake, tukashona mpaka kengele ya kutoka. Naogopa, mdogo wangu. Nimeshona viatu tangu usichana wangu na mikono hii haijui kazi nyingine.

Lakini si kiwanda kilichoniketisha kuandika.

Siku ya kura Mama alivaa gauni lake la kijani na akaweka yale meno uliyomtengenezea, ambayo huyavaa kwa harusi na misiba tu. Nilimsindikiza mpaka kituoni. Akaingia peke yake nyuma ya lile pazia, akatoka ameinua kidevu. Sikumwuliza kitu. Nyumba yetu yote ilikuwa ya kubaki, na mama mwenye mtoto ng'ambo nani angemdhania vingine?

Juzi nilikuwa namkanda mguu, akaniambia mwenyewe. Alisema, "Mimi nilipiga ya kutoka." Nilidhani ananitania. Nikamwuliza, "Kwa nini, Mama, na mwanao yuko huko?" Akanijibu bila hata kunitazama: "Ndiyo sababu. Mlango ukiwa wazi siku zote, mtu hana haraka ya kurudi kwao. Kila mwaka ananiambia nakuja, nakuja. Ukifungwa, itabidi aamue anakaa upande gani. Na mimi mwanangu namjua."

Usije ukasema ni uzee. Mama anajua mambo kuliko mimi na wewe. Alisikiliza hotuba zote redioni, za huku na za huko. Alijua kiwanda chetu kinaweza kufungwa, na juzi hiyo hiyo aliniomba radhi kwa hilo, nami nikaendelea kuukanda mguu wake. Alilijua pia tangazo la serikali ya huko kwenu, lililotolewa kabla ya kura, kwamba tukitoka kila mtu wetu anayeishi upande huo achague kabla ya mwaka kwisha: arudi kwao, au achukue uraia wa huko na aache wa hapa. Atakayeuacha wa hapa, akitaka kumwona mama yake, ataomba kibali kama mgeni yeyote, na anaweza kunyimwa. Yote hayo Mama aliyapima, akaiweka nchi nzima rehani ili wewe urudi. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, lakini huu wake umenitisha.

Tangu matokeo yatoke anaandaa chumba chako. Shemeji yako ameamriwa kuondoa mabomba na koki zake zote humo, na fundi bomba mzima sasa analala na vifaa vyake uvunguni mwa kitanda. Dirisha limepakwa rangi. Kitanda kidogo cha Kibogoyo kimeshanunuliwa. Amekwenda mpaka kwa daktari wa meno wa mtaa wetu kuuliza kama ana nafasi ya fundi hodari. Ananiuliza wifi anapenda godoro gumu au laini, nami nimejibu gumu, wala sijui kwa nini nimejibu.

Maana mimi nilikuja kwenu mwaka jana, nikaona. Nilimwona wifi akimwogesha baba yake aliyepooza, mzee asiyeweza kuhamishwa hata chumba. Nilimsikia Kibogoyo akiweweseka kwa lugha ya huko. Niliona jina lako juu ya mlango wa karakana yako ya meno. Niliporudi nilimwambia Mama mko salama, naye hakuuliza zaidi.

Kwa hiyo nadhani najua utachagua nini, na sikulaumu hata chembe. Watu wengi hukaa mbali na mama zao na maisha yakaendelea. Ninachoogopa ni siku Mama atakapojua. Alidhani akiufunga mlango, wewe utakuwa ndani. Atakapojua kwamba aliufunga kwa mkono wake mwenyewe wewe ukiwa nje, sijui nitamshika wapi asianguke.

Nakuomba basi, usimwandikie na usimpigie. Njoo. Njoo sasa, daraja likiwa bado linavukwa bila kibali. Wengine wanasema ni mpaka mwisho wa mwezi, wengine wanasema hata wiki hii hatuimalizi. Kama umechagua huko, mwambie mwenyewe, umemshika mkono. Ila nakuita kwa hofu, kwa sababu akikuona tu mlangoni na begi lako, ataamini kwamba ameshinda, na wewe hujafungua hata mdomo.

Nisalimie sana wifi na mzee wake. Mbusu Kibogoyo mashavu yote mawili, mwambie shangazi anamkumbuka. Shemeji yako anakusalimu, na muuza vioo wa hapa chini naye hukuulizia. Mama amepita nyuma yangu sasa hivi, nikaifunika karatasi kwa kiganja. Amedhani nakuuliza unafika lini. Amesema nikuambie uje na koti zito, chumba chako kinaingiza upepo.

Mungu akulinde wewe na nyumba yako, na atutangulie katika haya tuliyojitakia.

Akupendaye upande wowote wa daraja,
Dada yako