Siku Nne Nilizomwambia Nekesa Angoje

Jumamosi, saa tisa mchana. Huku mtaani kwetu Ayany kumejaa mawingu na nguo zangu hazikauki. Nimefua shuka zilezile mara mbili, ili tu nisikae chini kufikiria.

Wacha niseme. Nimemchoma Nekesa kwa wakubwa.

Nekesa ni mhadhiri mwenzangu na katibu wa chama chetu cha wahadhiri pale chuoni. Tumekaa ofisi moja miaka tisa, birika la chai moja. Mimi pia nilikuwa kwa kamati ya chama mpaka muhula uliopita, nilipofanywa mkuu wa idara. Yeye ndiye alinisukuma niombe hiyo kazi. "Mama Imani, heri wewe kuliko mtu hatumjui," aliniambia.

Wiki hii wakuu wapya tulipelekwa semina ya siku mbili, tufundishwe kuishi na chama. Mkufunzi alikuwa mama mpole, anajua kazi yake. Alituambia tusome mkataba vizuri, na tumsikilize mtu kabla ya kumwandikia barua. Niliandika yote hayo kwa daftari, tena kwa kalamu nyekundu. Wueh!

Halafu akaomba mfano wa mgogoro, bila majina. Mkono wangu ndio ulikuwa wa kwanza juu. Nilitaka waone mimi si mtu wa chama tena. Nikasema kuna mama mmoja wa Kawangware aliyekaa na alama za mtihani nyumbani wakati wa mgomo wa wahadhiri, akazileta siku nne baada ya mgomo kuisha.

Chuo kizima kina mhadhiri mmoja tu anayeishi Kawangware. Watu wakacheka. Naibu mkuu wa chuo, aliyekuwa ameketi nyuma, hakucheka. Aliandika.

Mgomo ulipoisha tulikubaliana na chuo kwa maandishi kwamba hakuna atakayeadhibiwa kwa yaliyotokea wakati wa mgomo. Zile siku nne za baadaye hazimo. Na hakuna mkubwa aliyezijua mpaka nilipofungua huu mdomo wangu.

Kinachonikula ni hiki: ni mimi nilimwambia angoje.

Yeye alitaka kuzileta alama siku ileile mgomo ulipoisha, akiwahurumia wanafunzi wa mwaka wa mwisho. Mimi, mtu wa kamati, nikamkatalia. Nikamwambia asitoe hata moja mpaka tupate nakala ya makubaliano yenye sahihi. Akanisikiliza. Hilo kule semina sikulitaja.

Jana nikakuta barua mezani kwangu, imetoka kwa naibu mkuu. Nekesa aeleze ndani ya siku saba kwa nini asifutwe kazi. Mahali pa sahihi pameandikwa mkuu wa idara, yaani mimi. Nikaitia kwa mkoba.

Leo asubuhi nimeenda kwake kumwambia. Amenikaribisha na chapati moto, akaniita "mkubwa", akaniuliza, "Sasa huko semina wamewafundisha kutula?" Na mimi nikacheka. Jameni, nikacheka! Nimekula chapati mbili mkoba ukiwa magotini, nikaaga, nikaja nyumbani. Alinifungia zingine za Imani. Mtoto amezila zote akiuliza kama Auntie Nekesa atakuja kesho.

Nilijificha jikoni. Naona aibu hadi kwa mtoto.

Basi ile barua siitii sahihi. Nimeandika nyingine, fupi, kwa naibu mkuu: agizo la kungoja lilikuwa langu, kwa hivyo wa kujieleza ni mimi. Hiyo nimeitia sahihi. Pengine kufikia Jumatatu jioni sitakuwa mkuu wa chochote, na naogopa, sitadanganya. Lakini sitaki Nekesa ayasikie haya kwa mtu mwingine.

Nimempigia sasa hivi.

"Mkubwa, umesahau nini huku?"

"Nimesahau kitu, eeh," nimemjibu. "Weka chai, narudi."