Randa Iliyonunuliwa kwa Koti

Jumatatu, 4 Februari 1985

Leo nimefungua karakana. Kufuli lilikuwa limeshika kutu, Anisia jirani akaja na mafuta yake ya kukaangia samaki tukalipaka mpaka likakubali. Ndani kila kitu kama mume wangu Kamili alivyokiacha, ila ukutani misumari mitupu. Zana zote alikwenda nazo Nkome kutengeneza mitumbwi ya watu. Mtumbwi ulipopinduka sanduku la zana likazama. Yeye ziwa lilimrudisha, sanduku halikurudi. Tulimzika huko huko. Hakuwa wa kusafirishwa.

Mbao za mninga bado zimepangwa pembeni. Za parokia — mabenchi ya kanisa la kigango. Sista Bernadina alipita mchana, akazitazama mbao, akanitazama mimi. Anauliza, atafutwe fundi mwingine? Nikasema nitayatengeneza mimi. Mdomo wangu ulifunguka tu wenyewe. Sista akasema haya, yawe tayari kwa Pasaka.

Nimeshika upande wa pili wa msumeno wa Kamili tangu tuoane. Kupima najua. Kuunga najua. Zana sina.

Alhamisi, 7 Februari

Shemeji Masele amekuja kutoka Bukombe. Kaka mkubwa wa Kamili. Nimempa kiti, nimempa maji. Anataka nifungashe niende nikae nyumbani kwa mama mkwe. Nikamwuliza habari za Serafina. Mwanangu yuko kwa bibi yake tangu alipokwenda kula Krismasi, na msiba ulipotokea wakasema akae kwanza.

"Hajambo. Anacheza vizuri tu."

"Ameuliza chochote?"

"Mtoto wa miaka sita, shemeji. Mtoto ni mtoto."

Nikasema namtaka hapa. Akazungusha macho karakana nzima. "Utamlisha nini? Fundi gani asiye na hata nyundo?" Hakusema kwa ubaya. Masele si mtu mbaya.

Tumekubaliana hivi: mabenchi yakitoka kabla ya Pasaka, namchukua mtoto nabaki hapa Kambarage. Yasipotoka, nafunga karakana namfuata huko Bukombe. Alikubali haraka mno. Nimeona haamini.

Nilipaswa kuumia. Niliosha glasi aliyonywea.

Jumamosi, 9 Februari

Madukani vitu vimeanza kurudi! Miaka yote hii rafu zilikuwa na vumbi na kiberiti, leo kuna misumeno imening'inizwa kama samaki. Inang'aa, mipini myekundu. Muuzaji anasema imeingia juzi juzi kupitia Burundi. Rahisi pia. Nimenunua.

Jumatatu, 11 Februari

Msumeno umeingia kwenye mninga kiasi cha upana wa kidole, ukakwama. Nilipouchomoa umejikunja, na haukunyooka tena. Meno yamelala.

Nimeurudisha. Muuzaji hataki hata kuushika. "Mama, nimekuuzia msumeno. Sikukuuzia na mti." Wateja wakacheka. Nikarudi nao nyumbani chini ya kanga.

Jumatano, 13 Februari

Leo nimetoka na kipande cha mninga kwenye kapu. Sinunui kitu kabla hakijauonja.

Duka la kwanza wamenifukuza. La pili jamaa akaniambia ukitaka kujaribu, olewa kwanza. Nikangoja wamalize kucheka, nikaomba patasi. Nikaipiga mara chache tu, ncha ikajikunja kama bati la kopo. Nikaiweka mezani mbele yake. Nikaomba nyingine. Ile nayo. Hapo hakucheka tena, akaanza kunitafutia yeye mwenyewe kwenye maboksi ya nyuma.

Nyuma kabisa pametoka nyundo ya zamani, haina rangi, haina karatasi. Kichwa ni kizito, cha kipande kimoja, hakina ufa. Mpini umeliwa na mchwa. Nimeichukua. Mpini nitautengeneza, kichwa nisingeweza.

Jumatano, 20 Februari

Majivu. Kanisa limejaa. Watu waliimba, mimi nilifungua mdomo.

Alhamisi, 21 Februari

Anisia amenipeleka kwa Mzee Maduhu, mfua vyuma, nyuma ya soko. Nikamsalimia shikamoo, akajibu, kisha kwa Kisukuma, mwangaluka, mayu, yaani umeamkaje, mama. Patasi zake anazifua kwa springi za malori mabovu. Nyeusi, mbaya kuziangalia, huwezi kujua kama ni patasi au kipande cha lango. Nikatoa mninga wangu kwenye kapu. Patasi ikazama, ikatoka, ncha vile vile.

Nikamwuliza kwa nini watu hawanunui kwake. Akasema hazing'ai.

Nimechukua ndogo na kubwa. Kaniambia nikizinoa nizimwagie maji, zikipata moto zitakufa.

Msumeno nao umepatikana leo leo! Shemeji yake Anisia, anayefanya kazi reli, ana msumeno wa zamani umejaa kutu, anatumia kukatia matawi. Niliukunja mpaka ncha ikakaribia mpini, nikauachia — ukarudi umenyooka, ukalia kama sahani. Akautamani ule wangu mpya. Nikamwambia kweli, huu haukati mninga. Akasema yeye mninga ataupata wapi, anachotaka ni mpini mwekundu. Tumebadilishana. Kila mtu kafurahi. Mimi sijui. Nimeukwangua kutu mpaka giza limeingia.

Jumapili, 24 Februari

Bado randa. Bila randa ni mbao tu, si benchi. Za madukani nimezionja zote. Ukisukuma, kisu kinarudi nyuma, kinaacha mbao imeng'atwa ng'atwa.

Anisia anasema huko machimbo ya dhahabu, njia ya Geita, wachimbaji wamekwenda na kila walichokuwa nacho, na dhahabu ikiwakataa wanauza chochote. Ila pesa hawazitaki sana, anasema. Za nini, na nguo hazipatikani? Wanataka nguo.

Nikafungua sanduku la nguo za Kamili. Mashati. Suruali ya kazini. Koti jeusi la harusi. Nilidhani nitakaa nalo kidogo mkononi. Nikalikunja nikaliweka juu.

Jumatano, 27 Februari

Nimerudi. Vumbi mpaka masikioni. Tulikwenda na lori la chumvi, mimi na Anisia, kutwa nzima, tukalala kwa mama mmoja anayepikia wachimbaji uji.

Machimbo si kijiji. Ni mashimo — wao shimo wanaliita duara — na maturubai katikati, na wanaume wa rangi ya vumbi, huwezi kujua nani mzee nani kijana. Tuliulizia randa. Wengi walileta majembe. Mmoja akaleta redio isiyosema. Mwishowe wakatupeleka kwa Marselino.

Huyo Marselino alikuwa seremala huko Ushirombo, akaacha, akafuata dhahabu. Alikuwa na malaria, amejifunika gunia. Akaingiza mkono chini ya kitanda cha fito, akatoa kitu kimefungwa kitambaa chenye mafuta. Randa ya chuma! Nzito kama mtoto mchanga. Kishikio cha mbele kina ufa, kisu kimekula kutu pembeni, lakini parafujo zote zipo, na chini imenyooka. Niliipitishia chini yake ukingo wa msumeno wangu niliokuja nao, kutafuta mwanga. Mwanga haukupita.

Nikamwonyesha mashati. Akatikisa kichwa. Nikamwongezea suruali. Akatikisa. Alikuwa ameshaliona koti.

Akalivaa pale pale juu ya homa yake. Mikono mifupi kwake. Akauliza mwenyewe yuko wapi.

"Amekufa."

Akalivua upesi. "Kafa na nini?"

"Maji. Ziwani, Nkome."

Akafikiri. "Basi si ugonjwa," akasema, akalivaa tena.

Kisha akaniuliza nani atakayeitumia randa. Nikasema mimi. Nilishajiandaa kwa kicheko, hakucheka. Akaomba kipande changu cha mninga, akakikandamiza kwa goti, akasukuma. Ukatoka utepe mrefu, mwembamba, ukiuinua unaona mtu upande wa pili. Akautazama kwa muda. Akaniambia usiilaze randa kifudifudi hata siku moja, ilaze ubavu. Akanipa mkononi. Mashati pia nikamwachia, sikuwa na haja ya kurudi nayo.

Tulipokuwa tunapanda lori nikamwona anatembea kati ya maturubai, anakwenda kuwaonyesha wenzake. Kwa nyuma. Lile koti linajua mabega ya Kamili lenyewe. Anisia akanishika mkono, akasema usitazame. Nikatazama. Nikasubiri nilie. Nikaona tu kwamba mshono wa mgongoni umefumuka kidogo, na kwamba ningeuona mapema ningeushona.

Jumatatu, 4 Machi

Kunoa kisu, kunoa, kunoa. Mikono imepasuka. Leo utepe wa kwanza umetoka. Mfupi. Halafu mrefu.

Nimefagia.

Alhamisi, 14 Machi

Mabenchi yanasimama. La kwanza lilikuwa linayumba, nikalivunja, nikalirudia. Patasi za Mzee Maduhu sijazinoa tena tangu juzi. Mwanamume mmoja akapita mlangoni anataka kitanda. Fundi yupo? Ni mimi. Akasema basi nitarudi akiwepo. Haya.

Sista Bernadina ameleta vitumbua vimefungwa kwenye kitambaa. Anasema nimekonda. Nimekula, sikumbuki vilikuwa na ladha gani.

Jumatatu, 18 Machi

Masele amekuja bila taarifa. Alisimama mlangoni muda mrefu, nikaendelea na kazi maana gundi ilikuwa inakauka. Kisha akaingia, akapiga benchi kwa ngumi, akalikalia, akalisukumasukuma kwa makalio. Halikulia.

"Nani amekusaidia?"

"Anisia anashika upande wa pili."

Akaichukua randa, akaipima uzito. Akaniuliza nimeipata wapi. Nikamwambia, na koti pia nikamwambia. Nilidhani atagomba, koti la ndugu yake lile. Akairudisha mezani taratibu — kifudifudi, nikailaza ubavu.

"Nitamleta Jumamosi," akasema. "Pasaka bado, lakini nimeshaona."

Nikasema ahsante, shemeji. Alifika mlangoni akageuka, kama mtu aliyesahau kofia, na kofia alikuwa nayo mkononi. Akasema, "Mtoto anampenda sana baba yake." Nikasema najua. Akasimama tena. Kisha akaenda.

Ijumaa, 22 Machi

Nimefua shuka. Nimenunua dagaa. Nimekaa.

Jumamosi, 23 Machi

Naandika mchana, nimekaa kwenye benchi lao la kanisa. Sijui pa kuweka mikono.

Asubuhi nilikuwa napiga randa. Lori la Bukombe sikulisikia. Nilisikia miguu inakimbia kwenye changarawe, midogo, na sauti kabla ya mtu: "Baba amerudi! Baba!"

Serafina akaingia kwa kasi akasimama katikati. Amerefuka. Wamemnyoa nywele. Akanitazama mimi, akaitazama randa mikononi mwangu, akaenda kuchungulia nyuma ya mbao. Akachungulia nyuma ya mlango. Halafu akakumbuka adabu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Baba kajificha wapi? Nimemsikia anapiga randa."

Masele alikuwa nje, juani, kifurushi cha nguo za mtoto mkononi. Haingii. Nikamfuata. Akaongea akitazama chini. "Shemeji, tulishindwa. Wakati wa matanga mama alimpeleka kwa shangazi yake Ushirombo, asione watu wanalia. Aliporudi tukasema tutamwambia kesho. Kila siku kesho." Akahamishia kifurushi mkono wa pili. "Yeye anajua baba yuko Nkome, anatengeneza mitumbwi."

Kumbe ndiyo maana anacheza vizuri.

Nilitafuta hasira, sikujua niianzie wapi. Masele amekonda na yeye. Macho yake ni ya Kamili, sikuwahi kuyatazama. Nikamwambia aingie, jua kali. Ameingia, amekaa mwisho wa benchi, magoti pamoja kama mgeni.

Serafina amekula ugali na dagaa, amemaliza. Amekaa chini anaokota tepe za mninga, anazivaa mkononi kama bangili. Anamwuliza baba yake mkubwa kama baba atafika jioni au kesho. Masele ananitazama. Nami namtazama Masele. Anisia alikuja mpaka mlangoni, akaona, akarudi kwake.

Anauliza tena. Sasa ananiuliza mimi.

Nimesema ngoja kwanza mama aandike kidogo. Ameinuka, amekuja, ameegemea goti langu na bangili zake za mbao. Uzito wake wote. Joto lake linapita kwenye kanga, nalisikia mpaka kwenye mfupa, na mwandiko umeharibika. Anaweka kidole kwenye karatasi. Anauliza jina la baba ni lipi hapa, nimwonyeshe. Naweka kalamu chini, nimwambie.