Turubai Letu Kwenye Ramani ya Profesa

Kwa Mama yangu mpendwa,

Natumai karatasi hii itakukuta umekaa, si umeinama shambani. Goti linasemaje? Unalitunza, ama bado unalificha ili mwanao Kamau asikukataze kulima? Mimi ni mzima. Baridi ya huku Ujerumani imeanza, lakini nina koti na nina kazi, kwa hivyo sina la kulalamikia isipokuwa watu ninaofanya kazi nao. Sikupiga simu kwa sababu kwenye simu huwa unaanza kuniombea kabla sijamaliza kueleza. Barua nimempa Chebet, binti wa jirani yetu, anayesafiri kuja huko Alhamisi.

Unajua kazi yangu ni kutazama picha za miji zilizopigwa na setilaiti. Ninachora mstari kuzunguka kila kitu na kuandika ni nini: nyumba, barabara, shamba, hema. Kompyuta inajifunza kutoka kwa michoro yetu, halafu inauchora mji mzima yenyewe. Mwaka huu mji wetu ni Eldoret. Nilipoambiwa nilifurahi kama mjinga.

Mkubwa wetu ni profesa ambaye hajawahi kukanyaga Eldoret, na sidhani amewahi kukanyaga tope la mahali popote. Bwana huyu amegundua kwamba kila Novemba huko kwetu Kiplombe huchipuka mabanda ya plastiki, mamia kwa mamia, na kufikia Februari yote yametoweka. Ameshapata na maelezo: ati ni maskini wanaohamahama, wanakuja mjini kutafuta vibarua, wanapiga hema, kisha wanaondoka. Amechora mishale kuonyesha wanakotoka. Akaenda na mishale yake kwenye mkutano wa wasomi, wakampigia makofi, akarudi na kutugawia chokoleti.

Mama, ni mahindi. Ni maturubai yenu ya kuanikia mahindi. Mtu amejaza ukuta mzima kwa vyeti na hajui kwamba nafaka hukaushwa kabla ya kuwa unga.

Nilimwambia Jumatatu mbele ya wote. "Profesa, hayo si makazi. Ni mahindi yameanikwa juani." Akatabasamu vile watu humtabasamia mtoto aliyeimba vibaya kanisani. "Inavutia," akasema, "lakini hiyo ni kumbukumbu yako tu. Una ushahidi wowote kutoka ardhini?" Nikamjibu kwamba mimi mwenyewe nimetoka kwenye hiyo ardhi. Hakuna hata mwenzangu mmoja aliyeuliza ni hema gani hilo lisilo na kivuli. Kitu kilichosimama huangusha kivuli kwenye picha; hilo tulifundishwa siku ya kwanza, na hawa ndio walionifundisha.

Ningemwacha na upuuzi wake, ila Januari ramani hiyo inakabidhiwa wapangaji wa mji. Upande wetu wote umepakwa rangi nyekundu na kuandikwa "makazi ya muda". Ya muda, Mama, na Baba amezikwa hapo. Siku mtu akitaka kupitisha barabara, atakuja na karatasi inayosema hapo hakuna mwenyeji. Unakumbuka tulipoambiwa hivyo mara ya mwisho, mwaka wa ghasia za uchaguzi, tukafukuzwa. Sihitaji kuandika zaidi.

Kwa hivyo nilimwomba Kamau apande kwenye stendi ya tangi la maji la Mama Chebet, saa tano mchana, akupige picha kutoka juu ukigeuza mahindi kwa miguu. Nilimkataza kukwambia sababu, nisikutie wasiwasi. Alicheka sana. "Kwani hao wasomi wako hukula nini? Waambie wakuje tuwapee reki wageuze mahindi." Kisha akaniambia umekataa. "Mathe anasema hawezi pigwa picha na leso ya shamba. Ati tungoje Jumapili akitoka kanisa."

Jumapili mahindi yatakuwa yameingia stoo, Mama, na Profesa atapata picha ya mama aliyevaa vizuri amesimama kwenye nyasi. Nakuomba ukubali. Mama Chebet naye atandaze turubai lake kando, aonekane.

Nisalimie shangazi wa Cheptiret, mwambie viazi vya huku havina ladha ya vile anavyouza pale barabarani. Kamau akienda Kesses kwenye duka lake, awaambie wale wanafunzi wateja wake wanaosomea mambo ya ramani watoke kwanza nje, wasije wakawa kama hawa.

Nilikuwa nimeshafunga bahasha, nikaifungua tena. Jana nilirudi kwenye michoro ya kwanza kabisa, ile iliyoifundisha kompyuta, nijue ni mpumbavu gani aliyeanza. Kila mchoro una jina la aliyeuchora. Hema la kwanza liko Kiplombe, uani kwa nyumba ya mabati ya kijani: turubai jeupe lenye kiraka cheusi kwenye pembe. Jina lililoandikwa ni langu.

Nimemdharau Profesa mwaka mzima, na kompyuta yake ilifanya tu nilivyoifundisha. Siku hiyo nilikuwa naharakisha, hata nyumba yetu sikuitambua. Mkono wangu uliandika kabla sijawaza. Ni lile turubai tulilopewa uwanjani mwaka ule wa ghasia, tulipokuwa wakimbizi, tukalala chini yake wewe, mimi na Kamau mpaka mvua zikaisha. Wewe ulirudi nalo nyumbani ukaanikia mahindi, na umeanikia mpaka leo. Mimi nililiona kutoka angani na bado nikaandika hema. Nisamehe.

Simama juu yake, Mama. Na leso ya shamba.

Binti yako, wa Kiplombe,
Wambui