Wekundu Chini ya Nyasi

Jumatatu, 3 Machi
Nimekata nyasi za kutandaza sakafuni, huko bondeni, tangu asubuhi. Mgongo hauna hali. Wageni wa posa ya wifi wanakuja Jumamosi, na mama mkwe hataki wakanyage sakafu tupu. Nyumba bila nyasi mpya ni aibu, anasema. Mkataji ni mimi.

Ule utelezi mwekundu wa bwawani umezidi, umepanda mpaka kwenye nyasi. Bwana wa maji aliyeupima kwa hadubini alisema ni vijidudu tu, vikikauka vinakufa. Haya. Nimezianika.

Alhamisi, 6 Machi
Zimekauka kau. Nimetandaza nyumba nzima, zilizobaki nimezipeleka kibanjani, chini ya migomba. Mwanangu Koku anatambaa humo akicheka. Mama mkwe kasifu. Makubwa!

Ijumaa, 7 Machi
Wekundu chini ya nyasi. Pakavu kabisa. Nimefuta, nikajiambia ni vumbi.
Vumbi halitelezi.

Jumapili, 9 Machi
Posa imepokelewa jana. Leo sikwenda kanisani. Magoti ya Koku mekundu, yanateleza nikiyashika. Nimeosha kwa sabuni. Yamerudi kabla hajamaliza uji. Ana homa. Mume wangu ananiambia nisipayuke. Nipayuke nini? Naogopa.

Jumatatu, 10 Machi
Zahanati wametupa dawa ya homa, basi. Nikampigia bwana wa maji, nikamweleza yote.
"Mlizimwagia maji hizo nyasi?"
Hata tone, nikamjibu.
Akasema basi vijidudu vimejifunza kujivika ngozi visikauke, vinakunywa umande na jasho letu. "Mtoe mtoto humo, mama. Choma nyasi zote." Akarudia mara mbili: zote. Yeye mwenye hadubini anaogopa, mimi je?

Mama mkwe kasimama mlangoni. Eti kuchoma nyasi za posa ni kumtakia binti yake mikosi. Nimempita bila hata shikamoo. Nimechoma za ndani zote, nimefagia, nimemwaga majivu ya moto sakafuni.

Jumatano, 12 Machi
Tunalala jikoni. Homa imeshuka. Magoti makavu. Nimelia kama mjinga.

Ijumaa, 14 Machi
Koku kamaliza uji wote. Mama mkwe ameketi kwenye sakafu tupu, kampakata, hataji tena aibu.

Mvua ilinyesha asubuhi. Nimekwenda kibanjani kukata ndizi za mchana. Nikafunua kwa fimbo zile nyasi nilizozisahau. Wekundu.

Nimerudi mikono mitupu. Nimevua kandambili nje, nimeosha miguu, nimemchukua mwanangu kwa bibi yake. Sijamweka chini tangu hapo.