Tawi Bichi Kwenye Njia Panda

Wambui mjukuu wangu,

Huku mtaani Satellite tuko salama. Mamako amepata kibanda Kenyatta Market, nami goti linanisumbua kidogo.

Umeniuliza kwa nini ujanani hatukupanda ule mlima ambao kila mtu anausifu. Mimi na rafiki yangu Nafula tulikuwa na njia yetu isiyo na jina, kutoka Riruta hadi Limuru kwa miguu. Tulipita mashamba ya sukuma wiki, machimbo ya mawe, reli, kisha mashamba ya majani chai, na kila bonde lilikuwa na harufu yake.

Siku moja ukungu ulitufunika. Desturi ya kwetu, anayetangulia hulaza tawi kwenye njia isiyofaa, wa nyuma wasipotee. Kila njia panda tulikuta tawi bichi, utomvu ukidondoka. Tukafika Limuru.

Mama mmoja muuza chai akashangaa. "Mmepitia wapi? Daraja lilibebwa na maji jana. Leo hakuna mtu ametoka huko."

Hiyo njia niliipenda zaidi tangu siku hiyo.

Leo asubuhi nilivaa viatu niende tena. Nilipofungua mlango, tawi bichi lilikuwa limelazwa kizingitini.

Nimevua viatu, nikakaa kukuandikia.

Shosho wako